Juru Yote Ilipopiga Simu

Chumba chenyewe cha redio ni kidogo kuliko jikoni ya shangazi yangu. Nilipopanda ngazi za lile jengo la Mbarara kwa mara ya kwanza, nikimfuata Baba Élyse, nilitegemea ukumbi wa taa kali na watu wanaokimbizana na makaratasi. Nikakuta zulia limepigiliwa ukutani ili limeze mwangwi, feni iliyozimwa isisikike hewani, na kiti ambacho mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Sauti inayojaza Juru, upande wetu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale huku Uganda, kila Jumamosi ilikuwa ikitoka pale.

Jina lake la ubatizo ni Damascène, lakini kwetu hakuna anayemwita hivyo. Ni Baba Élyse. Ni Mrundi kama sisi, mkulima wa maharage, jirani yetu wa kupakana mashamba. Ni mtu mrefu asiye na maneno: ukimsalimia njiani anakujibu bila kushuka kwenye baiskeli. Ndiyo maana nilikuwa sielewi kabisa jinsi mtu huyohuyo anavyoweza kuongea saa nzima bila mtu wa kumjibu. Mimi nasoma sekondari Mbarara, nakaa kwa shangazi, na stesheni iko njiani. Nilimwomba aniruhusu nikae kwenye benchi nje ya kioo nitazame. Alikataa, nikaomba tena, akakataa, mwishowe akachoka.

Kipindi chake kiliitwa Uko Wapi. Kila Jumamosi, saa tisa mpaka saa kumi alasiri, alisoma majina ya watu waliopotezana na ndugu zao: nani anamtafuta nani, walitoka mlima gani, waliachana wapi. Alisoma kwa Kirundi kisha kwa Kiswahili, taratibu, kama anasoma majina ya marehemu kwenye misa. Muziki hakuweka. Na kila Jumamosi lilikuwepo jina moja ambalo hakuletewa na mtu.

"Élyse, binti wa Apollinarie. Aliyepanda lori la pili."

Habari ya lori la pili nilisimuliwa na mama yangu, kwa sababu mwenyewe haisimulii. Mwaka ule watu walipoikimbia Burundi, wengi walivukia Tanzania, na mpakani yakaja malori ya kuwapeleka kambini. Wakaambiwa wenye watoto wachanga wapande la kwanza. Apollinarie, mke wake, alikuwa na mtoto mgongoni, mdogo wa Élyse. Lori likajaa. Élyse wakati huo alikuwa msichana wa darasa la tano. Baba yake akamshika chini ya makwapa, akamwinua, akamweka kwenye lori la pili pamoja na majirani, akamwambia tutaonana tutakaposhukia, mwenyewe akadandia la kwanza. Malori hayakushukia mahali pamoja. Majirani wale walipopatikana baadaye, walisema msichana alishuka njiani kutafuta maji na gari halikumngoja. Yule mdogo wake akafa kambini kwa malaria. Kisha mtu akawaambia kwamba Nakivale kuna wasichana wengi waliofika peke yao, wakafunga mizigo tena. Ndivyo walivyokuja Juru. Hawakumkuta.

Redio nayo ilimpata hivi. Alikuwa akipeleka tangazo la kumtafuta binti yake, likasomwa pamoja na matangazo ya vifo na ya ng'ombe waliopotea. Watu wengine wa Nakivale wakaanza kumtuma na majina yao, mpaka mtangazaji akachoka na yale majina marefu ya Kirundi, akamwambia, mzee, ingia usome mwenyewe, mimi nitakunywa chai. Akaingia. Chai ile ikawa ndefu. Baada ya muda stesheni ikampa saa nzima, maana Jumamosi alasiri ilikuwa haina mdhamini, na saa isiyo na mdhamini ni kama shamba la mawe, kila mtu anakuachia.

Mambo mengine ya redio nilifundishwa na Mahadi, anayepanga vipindi. Huyo ukimuuliza swali moja anakupa majibu mpaka unachelewa shule. Alfajiri, alisema, ni habari na vifo, kwa sababu mkulima anasikiliza kabla ya kushika jembe na hakuna anayetaka kukosa msiba. Mchana ni salamu na muziki, kwa wenye maduka na saluni. Jioni ni mpira, kwa watu wa betingi, hao hawabanduki hata nyumba ikiungua. Na ukitaka msikilizaji asihame, mwambie kuna kitu kinakuja, kisha usimpe. Mpe kwanza tangazo la mafuta ya kupikia.

Mahadi ndiye aliyehamisha jina la Élyse. Zamani Baba Élyse alilitaja mwanzoni kabisa, kabla ya majina ya wengine. Mahadi akamshauri aliweke mwisho, dakika za kufunga. Ile habari ya lori Nakivale yote inaijua, alisema, watu wataingojea, hawatazima. Baba Élyse aliwaza, akakubali. Alisema Mahadi anaijua kazi yake. Na ni kweli anaijua, wala hakuwa na nia mbaya, hilo niliandike kabisa.

Halafu mwaka huu ikaja kampuni ya sabuni. Walitaka kudhamini Jumamosi alasiri, lakini walitaka kwanza kuona kama ina wasikilizaji. Mahadi akamwita Baba Élyse baada ya kipindi, mimi nikiwa kwenye benchi langu na mlango haukufungwa vizuri.

"Mzee wangu, bosi ananiuliza mimi," alisema Mahadi. "Kipindi ya salamu wanapiga simu mpaka mashini inapata moto. Kwako, kimya. Hapa kwa redio, mtu hapigi simu ni kama hayuko."

"Wapo," akasema Baba Élyse.

"Wako wapi, ssebo?"

Mimi nilijua walipo. Kwetu Juru simu ndiyo redio. Wenye redio ya betri ni wachache. Wengi tunasikiliza kwa zile simu ndogo za vitufe: unachomeka waya wa masikioni uwe antena, unafungua spika, unaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, na ua mzima unakaa kuizunguka. Simu ikipigwa, redio inakatika. Sasa nani atapiga simu katikati ya majina, halafu jina lililosomwa wakati huo liwe la kaka yake jirani? Hakuna aliyekataza, lakini kila mtu alijua kwamba wakati wa Uko Wapi simu haiguswi. Nilimweleza Mahadi hayo yote pale ngazini. Alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema anaamini, lakini watu waliokaa kuzunguka ndoo bosi hawezi kuwahesabu.

Basi Jumamosi iliyofuata Baba Élyse alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: aliomba. Kabla ya majina aliwaambia wasikilizaji kwamba saa hii inataka kuchukuliwa. Juma lijalo, alisema, pigeni simu. Kila mwenye simu apige.

Juma lile nililala Juru, shule ilikuwa imefunga. Ungedhani kuna harusi. Habari ilitangazwa hata baada ya misa. Kibanda cha kuchaji simu kwa sola kilijaa tangu Ijumaa. Watu waliokuwa hawana vocha walikopeshana, na wasiokuwa na simu walikwenda kukaa kwa wenye nazo, ili wahimize. Sisi tulikaa uani kwa Valentin, jirani aliyetoka upande wa Uvira, mtu wa utani sana. Apollinarie alikuja na ungo wake wa maharage akakaa pembeni akichambua.

Saa tisa ilipofika sauti ya Baba Élyse ikaingia, ikasalimia, Valentin akabonyeza namba. Redio ikakatika. Wote tukawa tunaikodolea macho ile simu juu ya ndoo.

"Inasema nini?" akauliza bibi mmoja, Mukandoli.

"Inasema batu ni mingi, ningoje."

"Huyo ni mwanamke anaongea. Valentin, umetufungia redio ili uongee na wanawake?"

Watu wakacheka. Akapiga tena, na tena. Kutoka ua wa pili tulisikia mtu naye akilalamika kwamba laini haipatikani, na ng'ambo ya barabara vilevile. Juru nzima ilikuwa imeshika simu sikioni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akisikia kipindi. Karibu na saa kumi Valentin akapata laini. Alishtuka mpaka akasimama. Alisema, Baba Élyse, ni mie Valentin, tuko fasi moja na batu bote, kisha woga ukamshika akakata. Tulimzomea mpaka akakimbilia ndani. Apollinarie alicheka pia. Nilimwona. Sikuwahi kuona meno yake kabla ya siku ile.

Jumatatu watu wa sabuni walitaka kumwona huyo mtangazaji, kwa hiyo Baba Élyse alikuja tena mjini, amevaa shati la kanisani. Mimi niliomba nifuate. Mahadi alikuwa na furaha kuliko sisi, anapita huku na huku akisema mashini nusura iungue. Watu wa sabuni walimshika Baba Élyse mkono, wakaondoka. Saa ilikuwa imeokoka.

Tulikuwa bado pale juu Hajjati Mastula alipopanda ngazi, akihema, ameshika ukuta. Ni mama wa Mbarara anayeuza vitenge, na siku ya soko huvipeleka Kikagate, mpakani. Hakuwa amemwona Baba Élyse kabla ya hapo. Alimsikia tu akimuaga Mahadi, akasimama.

"Mzee, ni wewe ile sauti ya lori la pili?"

Baba Élyse alisema ndiyo, ni mimi.

Hajjati akaomba kukaa. Alieleza kwamba Jumamosi alikuwa Kikagate, redio ikiwa imewashwa kwenye kibanda chake. Alikuja msichana, mwanamke tayari, kutazama kitenge cha kubebea mtoto. Alikuwa amekuja na lori la vibarua, wale wanaozungushwa shamba hadi shamba upande wa Tanzania, na lori lilikuwa limesimama kununua mafuta. Kipindi kilikuwa kinakaribia mwisho. Ile sauti iliposema lori la pili, msichana aliacha kitenge kikaanguka chini. Alisema, huyo ni baba. Alisema, mimi nilikuwa lori la pili.

"Nikampa simu yangu," akasema Hajjati. "Akapiga. Ikasema iko bize. Akapiga, akapiga, iko bize. Nikamwambia ngoja kidogo, haraka ya nini. Sasa dereva akaanza kupiga honi. Mtoto wake alikuwa analala ndani ya lori kwa magunia, mzee. Angefanya nini? Alikimbia. Simu yangu aliirudisha akiwa anakimbia."

Mahadi alikuwa amesimama mlangoni. Baba Élyse aliuliza msichana huyo yukoje, mrefu au mfupi. Hajjati akasema mrefu, kama wewe. Akaongeza kwamba aliwahi kumwandikia ile namba ya redio mkononi, kwa kalamu, akamwambia apige Jumamosi nyingine, popote atakapopata simu.

Niliona Baba Élyse akitazama kiganja chake mwenyewe, kama namba ingekuwa hapo.

Siku hiyohiyo alikwenda Kikagate. Aliwauliza wauza mafuta, wapakiaji, askari wa mpakani, akavuka hata ng'ambo ya pili ya mto. Malori ya vibarua ni mengi, hayana majina, na wiki hii yako hapa wiki ijayo yako mbali. Alirudi Juru na kumweleza mke wake. Mama yangu alikuwepo. Anasema Apollinarie alisikiliza yote mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja, mtoto ni wa kike au wa kiume. Baba Élyse hakujua. Kesho yake alikwenda tena Mbarara, safari nzima, kumuuliza Hajjati Mastula hilo tu. Naye hakujua, mtoto alikuwa ndani ya lori.

Sasa hapa ndipo mambo yalipofungana, na mimi nimeyawaza sana bila kuona yangefunguliwa vipi. Élyse alikuwa na namba moja, namba ya studio. Watangazaji wengine waliombwa, kama akipiga mwanamke anayeitwa Élyse wamwambie asikate, wakakubali, wakawa wanangoja kweli. Lakini yeye aliambiwa Jumamosi. Na Jumamosi Juru ilikuwa imeshaonja utamu wa kusikika redioni. Baba Élyse aliwaomba wapige kidogo kidogo, kwa zamu. Kila mmoja akamwachia mwenzake nafasi, kisha wote wakapiga pamoja. Akataja namba ya simu yake ya mkononi, iwe ya Élyse peke yake. Ile namba Juru wanaijua, nao wakaipiga hiyo pia, kwa nia njema kabisa, kumpa pole na kumuuliza kama Élyse ameshapatikana.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye benchi. Taa ya simu ilikuwa ikiwaka bila kuzima na Mahadi alikuwa akimwonyesha dole gumba kupitia kioo. Baba Élyse alisoma majina ya wengine kwanza. Kisha akaivuta maikrofoni.

"Ndugu zangu, leo nawaomba msipige simu. Leo na Jumamosi zote. Mkinipenda, msipige. Binti yangu yuko hai na ana namba hii. Mwachieni njia."

Dole la Mahadi lilishuka. Ile taa ilizima palepale, wakati Baba Élyse bado anaongea, na haikuwaka tena; niliambiwa baadaye kwamba wenye redio za betri waliwapigia wenzao kelele wakate.

Juru walitii. Kuna watu huwezi kuwakataza kitu, ila hata hao walitii, mpaka watoto. Simu zilirudi juu ya ndoo, hakuna aliyezigusa. Jumamosi moja ikapita kimya, na ya pili, na nyingine. Mahadi alimtetea. Aliwaambia watu wa sabuni kwamba wasikilizaji wapo, wamekaa kimya kwa makusudi, lakini hebu mwambie mwenye sabuni jambo hilo uone atakavyokutazama. Alimwambia Baba Élyse wazi kwamba asiporuhusu simu, saa itaondoka, na saa ikiondoka Élyse atapiga akute kipindi kingine. Baba Élyse alijibu kwamba saa iliyojaa watu wengine, kwake yeye imeshaondoka. Hawakugombana. Afadhali wangegombana.

Saa ikapewa kijana mmoja, Rayan, azungumzie mechi za Ulaya na mikeka ya betingi. Baba Élyse akapewa Jumamosi ya mwisho ya kuaga.

Siku hiyo sikwenda studio. Nilikaa uani kwa Valentin, na Apollinarie safari hii hakuja na ungo, alikaa mbele kabisa. Baba Élyse hakuaga. Alisema jina moja tu, la Élyse, na la mama yake, na lori. Alitaja mlima waliotoka. Alisema, mama yako yuko hapa Juru, anasikiliza, anauliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Baada ya hapo hakusema kitu.

Tulidhani betri imekwisha. Valentin akanyoosha mkono aitikise simu.

"Usiguse," Apollinarie alisema.

Ukisogea karibu ulisikia kwamba redio haikuzimika. Kulikuwa na ule mvumo mdogo wa chumba, na mara moja mlio wa kiti. Alikuwa amefungua maikrofoni na anangoja. Mahadi aliniambia baadaye kwamba katika redio hakuna kosa kubwa kama hewa tupu, kwamba bosi alimpigia tena na tena, na yeye akaiacha simu ya bosi iite mfukoni. Hakuna mtu aliyekohoa pale uani. Barabarani bodaboda zilizimwa. Kuku walikuwa wakiparua, tukawafukuza. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha muziki ukaingia, wa haraka, wenye makofi, na sauti changamfu ya Rayan ikawauliza mashabiki wa mpira wako wapi, wapige simu sasa hivi.

Apollinarie alichomoa waya mwenyewe, akausokota vizuri, akamrudishia Valentin.

Baba Élyse alirudi jua likiwa bado juu. Alishuka kwenye boda pale njiapanda, akakuta watu wamesimama pande zote za barabara, wazee, akina mama, vijana wa kibanda cha kuchaji. Hakuna aliyekuwa amepanga. Walikuwa tu wametoka. Kila mmoja alikuwa na jambo la kumwambia na hakuna aliyejua alianzeje, na mwishowe Mukandoli ndiye aliyemsogelea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Hatukupiga, Baba Élyse," alisema. "Hata mmoja wetu."

"Najua," alisema. "Nilisikia. Asanteni."

Akauachia mkono wa bibi polepole, akaenda kwake.